Si Kweli, Mheshimiwa

Maneno mawili tu. Si kweli. Mtoto wa chekechea angeyashika kabla ya uji. Lakini Mayige, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, alikuwa ameketi chini mbele ya Specioza kwenye uwanja wa gereza, miguu ameikunja kwa adabu zote, na maneno hayatoki ng'o.

"Tuanze tena, baba," Specioza alisema. Sauti ilikuwa ya upole, meno ndiyo yaliyokuwa yamebanana. "Mimi sasa ni karani wa mahakama. Nakusomea shtaka. Wewe Mayige wa Dutwa, ulikutwa na ng'ombe mtamba mmoja mwekundu asiye wako, ukiwa umemwiba. Unajibu nini?"

Mayige akafikiri. Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa kufikiria kila kitu, hata ukimuuliza ameamkaje.

"Nilikutwa, hiyo kweli," akasema taratibu. "Mtamba mwekundu, kweli. Si wangu, kweli tupu. Hapo kwenye kuiba ndipo mmekosea kidogo. Lakini mengi ni kweli."

"Jamani, baba!"

Mahabusu wenzake wakaangua kicheko. Hata afande Kasmiri, askari magereza aliyekuwa amesimama mlangoni na rungu lake kwapani, aligeuza uso asionekane akicheka. Specioza yeye hakuona cha kuchekesha. Alitamani kulia, au kumtikisa yule mzee mabega, na yote mawili hayakuwa ya heshima.

Maana jambo lenyewe halikuwa mchezo. Wizi wa mifugo ni miaka mitano, na hakimu hata akikuonea huruma hana pa kupunguzia. Mara ya kwanza Mayige alipopandishwa kizimbani alianza hivyo hivyo, "Ni kweli nilikutwa naye," na kabla hajafika mbali karani alikwishaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Bahati yake hakimu alikuwa mtu wa kusitasita. Alimtazama mzee, akatazama karatasi, akasema shtaka litasomwa upya siku nyingine. Siku hiyo nyingine ilikuwa inakuja mbio, na mzee bado anapanga ukweli mafungu mafungu kama mwanamke anayeuza nyanya sokoni.

Specioza na mwenzake Kristofa walikuwa wanafunzi wa sheria, chuo kikuu, mwaka wa tatu. Likizo ndefu ile wenzao walibaki Dar es Salaam kutafuta vibarua kwenye makampuni mapya, maana ndio ulikuwa wakati wa makampuni, kila ukigeuka kuna bango. Wao wawili wakasema watakwenda Bariadi, kwao Specioza, wawafundishe mahabusu haki zao na kuwaandikia wale wasiojua kuandika. Kristofa alikuwa mtu wa Morogoro na hajawahi kuona ng'ombe wengi kuliko watu. Alikuja kwa moyo mweupe, ingawa mama yake Specioza alikuwa na mawazo yake juu ya moyo huo.

Na usidhani mtu aliwashukuru. Mjini kila aliyewaona alikuwa na swali moja: "Mzungu wenu yuko wapi?" Yaani nani anayewalipa. Wakisema hawalipwi, watu wanakonyezana. Zamani, enzi za kujitolea kwa tarumbeta na bendera, wangeeleweka. Lakini sasa chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa pamba wanapishana na malori yao, chumvi yenyewe ina wakala, na vijana wawili wazima wanasema wanafanya kazi bure. Wezi hao, watu wakasema, au wanatafuta kura.

"Baba Mayige," Specioza alianza upya, sasa kwa Kisukuma, labda lugha ya nyumbani ingemlainisha. Akamweleza polepole kwamba mahakama haina njia ya kati. Ukisema ni kweli, umefungwa. Ukisema si kweli, ndipo unapewa nafasi ya kujieleza.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mayu," alimwita, maana kwa Wasukuma binti hata awe mdogo vipi anaitwa mama kwa heshima. "Mkubwa anasimama, amevaa joho, anasoma maneno yake mbele za watu. Mimi niinuke nimwambie si kweli? Huko ni kumwita mwongo machoni. Baba yangu hajawahi kuambiwa hivyo na mtoto wake yeyote."

"Hataliona kama tusi. Amezoea."

"Amezoea kutukanwa?"

Kristofa, aliyekuwa pembeni akimwandikia kijana mmoja barua ya kuomba dhamana, akasema kwa Kiswahili chake cha mjini, "Spesi, achana naye bwana. Unampigia mbuzi gitaa."

Hilo ndilo lililompandisha. Si kwa sababu Kristofa alikosea, bali kwa sababu alikuwa anaelekea kuwa sahihi. Jua lilikuwa kali, afande Kasmiri alikwishaanza kutazama saa yake, na Specioza akamsogelea mzee mpaka magoti yakakaribia kugusana.

"Nisikilize vizuri, baba. Ndani ya ile nyumba, neno hilo si uongo. Huku nje ni uongo, sawa. Mle ndani ni kama hodi. Mtu anapiga hodi hata kama anaona mlango uko wazi, si ndiyo? Basi. Unasema si kweli ili ukaribishwe."

"Hata kama jambo lenyewe ni kweli?"

"Hata kama."

"Na Mungu haandiki?"

"Haandiki!" Specioza alisema kwa hasira. "Nakuapia baba, haandiki. Mle ndani halihesabiki."

Mayige akamtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa ya mtu anayenunua ng'ombe na kutafuta kilema. Kisha akajaribu, midomo imekauka, sauti ya chini kana kwamba anamnong'oneza mgonjwa: "Si kweli."

"Mheshimiwa," Specioza akamkumbusha.

"Si kweli, mheshimiwa."

Mahabusu wakampigia makofi. Specioza akajifuta jasho, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Lakini furaha yake haikumaliza hata njia ya kurudi nyumbani. Kukana shtaka ni mwanzo tu. Hakimu atauliza: kama hukuiba, ulimpata wapi? Na hapo Mayige alikuwa jiwe. Wa nani mtamba huyu? Wa mtu. Mtu gani? Mtu. Ulimnunua? Sikumnunua. Ulipewa? Kimya. Unaweza kumwuliza mpaka ng'ombe warudi kutoka malishoni, na yeye anakutazama tu kwa adabu.

Kwa hiyo kesho yake Specioza akapanda basi mpaka Dutwa kumwona mke wa mzee, Mama Kabula. Alimkuta anachambua pamba barazani, chafu huku, safi huku, na wajukuu wamelala juu ya viroba. Wakasalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa, mwangaluka na ng'ombe wanaendeleaje na mama yako je. Specioza akawa anachemka ndani kwa ndani kwa sababu basi la kurudi halisubiri salamu.

"Mtamba ni wa nani, mama?"

Kabula akaendelea kuchambua. "Amekwambia?"

"Angeniambia ningekuja?"

"Basi na mimi sijui."

"Mama, watamfunga miaka mitano! Akitoka huko atakuwa hata shoka hawezi kuinua. Mtamba mmoja!"

Mikono ya Kabula ikasimama. Machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja chenye nyuzi za pamba, nyuzi zikabaki shavuni. "Nenda Mwanhuzi," akasema hatimaye. "Kamuulize mjane wa Masele. Mimi sijakwambia kitu."

Mwanhuzi, huko wilaya ya Meatu, si jirani. Barabara ya Meatu ilikuwa mashimo na vumbi jekundu, na gari lenyewe lilikuwa lori la mnunuzi wa pamba, dereva akiwapakia watu juu ya marobota. Specioza alifika nywele zimekuwa rangi ya matofali. Nchi ile ni kavu kuliko Bariadi, majani mafupi, na watu wanakuona ukiwa bado mbali. Eufrasia, mjane wa Masele, alimwona, akampelekea maji ya kunawa kabla hajamwuliza jina.

Huko ndiko Specioza alikopata habari yote, na alipoipata akaona aibu kwamba hakuwa ameikisia. Mbona ni jambo la kwao! Wasukuma wana desturi ya kubilisa, yaani kumkabidhi rafiki ng'ombe wako akakae nao kwake. Yeye anapata maziwa na samadi, wewe unapata usalama. Ugonjwa ukipita kwako, si wote watakufa. Macho ya watu yakihesabu zizi lako, hayatahesabu yote. Na aliyekabidhiwa ana sharti moja kubwa: hataji mwenyewe. Akiulizwa, anasema ng'ombe ni wa mtu. Akitaja, hakuna atakayemkabidhi tena hata kuku.

Masele na Mayige walikuwa marafiki tangu wakichunga pamoja. Masele alipoanza kikohozi kile kisichopona, akajua kaka yake atakuja kurithi kila chenye kwato. Kaka huyo ndiye Luhende. Na Luhende wa siku hizo hakuwa tena mkulima; alikuwa wakala wa mnunuzi wa pamba, anavaa koti la suti juani, anasema biashara huria kila sentensi ya pili. Masele hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Martha, binti mmoja, aliyekuwa akisoma sekondari ya masista. Basi kabla hajafa akawapeleka ng'ombe kwa Mayige, si wengi, lakini wa kutosha kumfikisha Martha anakokwenda. Kila ada inapotakiwa shuleni, mmoja anauzwa kimyakimya.

"Na Luhende aligunduaje?" Specioza akauliza.

"Josho," Eufrasia akajibu, akitamka neno hilo kwa uchungu. "Josho la kuogeshea ng'ombe kijijini kwa Mayige halina dawa tangu serikali iache kuleta. Akawaswaga mpaka josho la mbali, mmoja mmoja ili wasionekane. Luhende alikuwa huko siku hiyo anatafuta pamba. Akaona sikio. Ng'ombe wa ukoo wetu wamekatwa sikio la kushoto namna yao. Akasema huyu ni wangu, ameibwa."

Luhende alijua, au alihisi, kwamba mmoja akipatikana wengine wako karibu, ila hakujua wamefichwa wapi. Hakuwa na shida na mtamba. Alitaka Mayige afungue mdomo. Akisema tu mahakamani kwamba alikabidhiwa na Masele, basi ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu ina ndugu, na ndugu ni Luhende. Wazee wa ukoo wangekaa asubuhi, na jioni ng'ombe wote wangekuwa zizini kwake.

Specioza alishika kichwa. Sheria aliyoisoma ilikuwa inamwambia kitu kimoja na desturi kingine, na katikati kuna mzee mmoja amekaa kimya kama kisiki. "Mama, ukija wewe ukaeleza, anatoka. Lakini nisikufiche. Ng'ombe utawapoteza."

Eufrasia hakufikiri kwa muda mrefu. "Mtu asioze gerezani kwa ajili ya mtoto wangu," akasema. "Martha atarudi nyumbani, tutalima. Wangapi hawakusoma na wanaishi? Nakuja."

Specioza akamkumbatia yule mama, akalia vumbi likawa tope usoni. Aliona ameshinda.

Alipomweleza Mayige kule gerezani, mzee alikasirika. Ndiyo mara ya kwanza Specioza kumwona amekasirika, na hakupiga kelele. Alisimama tu.

"Nani alikutuma Mwanhuzi?"

"Baba, nakusaidia."

"Nani alikutuma?" Kisha akashusha sauti. "Usimlete. Nasema usimlete yule mama."

"Amekubali mwenyewe."

"Mwenye njaa anakubali hata mbegu iliwe. Wewe umesoma, kazi yako ni kumkataza."

"Kazi yangu ni kukutoa humu!" Specioza alipaza sauti, mpaka afande Kasmiri akamwonyesha kidole. Akaiteremsha, lakini hasira haikuteremka. "Nimekula vumbi mpaka Meatu. Nimesinzia juu ya marobota. Mkeo analia juu ya pamba. Kila mtu anahangaika isipokuwa wewe mwenye kesi! Sikio la kufa halisikii dawa, baba, lakini mimi dawa nitaileta."

Mayige akaketi tena, akakunja miguu. Hakumjibu, na Specioza alichukulia kwamba amekubali. Ndivyo tunavyofanya wote tukichoka kubishana.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Luhende alikaa mstari wa mbele na koti lake, kofia mapajani. Kabula alikaa nyuma kabisa. Eufrasia alikaa kati ya Specioza na Kristofa, amevaa gauni la kanisani. Wanafunzi hawakuruhusiwa kusema neno. Walichoweza ni kumpa karani jina la shahidi wa utetezi na kuomba Mungu.

Karani akasimama, akasoma. Ulikutwa, mtamba mwekundu, asiye wako, ukiwa umemwiba. Specioza akafumba macho.

"Si kweli, mheshimiwa."

Sauti ilitoka safi, hata waliochungulia dirishani walisikia. Hakimu akainua uso, kana kwamba naye alikuwa akiisubiri. Kristofa akambana Specioza mkono. Ameweza! Mzee ameweza!

Mlalamikaji yupo, mashahidi wapo, hakimu akasema waendelee. Luhende akaeleza habari ya sikio na josho, kwa maneno mengi na Kiswahili cha ofisini. Mayige akaulizwa kama ana swali kwake. Hana. Akaulizwa kama ana la kujitetea. Hana, ila yuko shahidi aliyeletwa, na asiseme. Hakimu akasema shahidi akija mahakamani anasema.

Eufrasia akapanda, akaapa, akasema yote. Alisema vizuri, bila kulia. Mume wangu alikuwa mgonjwa, akamkabidhi rafiki yake ng'ombe amtunzie, na huyu mtamba ni uzao wao.

"Wao?" mwendesha mashtaka akadakia. "Kwa hiyo wako wengine?"

Eufrasia akamtazama Mayige. Alikwishaapa juu ya Biblia. "Wako," akasema.

Luhende akasogea ukingoni mwa benchi. Kofia ilimwanguka, hakuiokota.

"Ulikuwepo wakikabidhiana?" hakimu akauliza.

"Sikuwepo, mheshimiwa. Hayo ni mambo ya wanaume wawili. Hakuna mwingine anayeitwa."

"Kwa hiyo uliambiwa na marehemu."

"Niliambiwa, mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. Alionekana mtu anayetafuta njia ya kumsaidia mwenzake kutoka shimoni, na Specioza alimpenda kwa hilo. "Mshtakiwa, simama. Umemsikia shahidi wako. Hakuwepo, wewe ulikuwepo. Mahakama inataka kusikia kwako mwenyewe. Marehemu Masele alikukabidhi mtamba huyu na wengine. Ni kweli?"

Sema ni kweli, baba. Specioza alisogeza midomo bila sauti. Sasa ndiyo ni kweli. Sasa sema ule ukweli wako wote, mafungu yote, ambao nimekukataza wiki nzima.

Mayige hakumtazama hakimu. Alimtazama Eufrasia, kisha Luhende aliyekuwa ameinama mbele, kisha akamtazama Specioza, muda mrefu, kama siku ile binti alipomwapia.

"Si kweli, mheshimiwa."

Watu wakaguna. "Si kweli kwamba alikukabidhi?"

"Si kweli."

"Na hao wengine?"

"Si kweli, mheshimiwa. Hakuna wengine. Mama huyu ana msiba, anachanganya mambo."

"Mayige!" Eufrasia akapiga kelele. "Mayige, unasema nini?" Askari akamshika mkono akamtuliza. Kabula kule nyuma alijifunika uso kwa kanga. Hakushangaa, na hapo Specioza akajua kwamba mama huyu alilijua jambo hili tangu siku ile barazani.

"Basi mtamba ulimpata wapi?" hakimu akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyenyoosha mkono ukakataliwa.

Mayige akatazama miguu yake.

Hakimu akasema mahakama haiwezi kumsaidia mtu anayemkana shahidi wake mwenyewe. Akaandika kwa muda, karatasi ikasikika. Miaka mitano. Mtamba mwekundu arudishwe kwa mlalamikaji. Luhende alipokea habari hiyo uso umemkunjamana, kama mtu aliyetega nyati akanasa sungura, akatoka nje bila kuaga.

Specioza aliwahi nyuma ya jengo kabla gari la magereza halijaondoka. Alisukuma watu. Kristofa alimwita, hakugeuka. Afande Kasmiri alikuwa anampandisha Mayige garini, pingu mkononi, na alipomwona binti uso ulivyo akasimama kando, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Kwa nini?" Specioza alisema. Alikuwa analia kwa hasira na hakujali nani anaona. "Niambie kwa nini! Neno moja, baba. Neno moja tu, ulikuwa unakwenda nyumbani leo!"

"Nyumbani na nini?" Mayige akauliza. Hakuwa na uchungu usoni, alikuwa kama mtu aliyetua mzigo. "Luhende amepata mmoja. Angewapata wote. Yule mtoto yuko darasani sasa hivi, mayu. Anasoma kama wewe."

"Mama yake alikubali!"

"Masele hakukubali."

Specioza alitaka kumwambia kwamba Masele ni maiti, na maiti hafungwi miaka mitano. Alitaka kumwambia kwamba amedanganya mbele ya mahakama, yeye ambaye kwa wiki nzima alimtesa kwa kujifanya hajui kudanganya. 

Injini ikawaka. Mayige akapandisha mguu mmoja, kisha akageuka. Kulikuwa na wasiwasi machoni pake sasa, wasiwasi ambao hakuwa nao hata alipohukumiwa.

"Uliniapia," akasema. "Ulisema mle ndani halihesabiki. Ni hivyo bado?"

Specioza akaitikia kwa kichwa. Hakuweza kufanya kingine.

"Maana mimi sijawahi kulisema tangu nizaliwe, nikaogopa litanikwama." Akamwinamia kidogo, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. "Nimelisema sawasawa?"

"Umelisema sawasawa, baba," Specioza akasema, na afande Kasmiri akafunga mlango.